Nta ya Kitanda cha Mtoto

Kitanda kimefika, rafiki yangu, na kimekaa sebuleni kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti. Mama amekituma kutoka karakana ya baba. Ni mbao nyekundu tupu, haijapakwa kitu. Baba alikuwa akimtengenezea mtoto wangu wa kwanza, huyu ninayembeba tumboni sasa na ambaye mwezi wake umeshafika. Hakuwahi kukimaliza. Tulimzika mvua zilipoanza, na tangu hapo moyo wangu umekufa ganzi. Watu walikuja kwenye kilio wakanitazama, wakingoja nilie. Mimi nikawagawia chai.

Mume wangu, mtu wa ofisi, alirudi na kopo la vernis, ile dawa ya dukani ya kung'arisha mbao. "Maman, hii inangaa sana," akaniambia. "Mutoto akikojoa, unapanguza tu, inaisha." Hakukosea. Vernis ina nguvu, na muuzaji alimhakikishia kwamba ikishakauka kabisa haina neno. Lakini mvua za Bukavu unazijua. Katika unyevu huu ingechukua majuma mengi harufu iishe, na mtoto hangojei. Tena nilijua kwamba siku meno yakianza kumwasha ataukamata ubao wa juu na kuutia mdomoni. Wote hufanya hivyo. Niliweka kopo nyuma ya mlango nikarudi kukaa.

Karakana yetu ilikuwa bati juu ya nguzo tu, nyuma ya nyumba, huko Nyalukemba, mahali upepo wa ziwa unapoingia bila hodi. Mimi niliamshwa na randa ya baba, jogoo wa jirani alikuja baadaye. Kazi yangu kabla ya shule ilikuwa kuzoa maranda, yale maganda ya mbao yanayojikunja, nimpelekee mama awashie makala ya kupikia. Ndiyo maana sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, za nyumbani kwetu zilinukia mbao, na mpaka leo nikila za mahali pengine naona zimepungukiwa kitu. Baba alikuja mezani na vumbi kwenye nyusi. Mama alikuwa akisema, "Mbwana huyu anakula mbao kushinda muchwa." Baba aliendelea kumega bugali yake.

Meza na makabati aliyapaka vernis bila wasiwasi. Kitanda cha mtoto kilikuwa habari nyingine. Wakati wa kurina asali, bibi aliteremka kutoka upande wa Kavumu na bonge la nta ndani ya jani la ndizi. Baba aliikatia kwenye kopo, akaweka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, kwa maana nta ikiwekwa juu ya moto wenyewe inaweza kuwaka. Aliipaka ingali vuguvugu, kwa kipande cha shati kuukuu, akasugua mpaka mkono ukapita bila kukwama. Karakana yote ikanukia asali, nasi watoto tukashinda hapo na njaa ya uongo. Ukweli usemwe, nta haidumu. Kila baada ya muda mama wa mtoto alipaswa kuisugua upya, na wengine walinung'unika. Baba aliwajibu vilevile siku zote: "Mutoto hajuwe kusema hii iko mubaya. Yeye anameza tu."

Jirani yetu mmoja aliona nta ni usumbufu. Kwake mawese yalikuwa dawa ya kila kitu, ya ngozi, ya nywele, ya kikohozi, basi nta ilipoisha akakipaka mawese kitanda alichotengenezewa na baba. Mawese hayakauki kwenye mbao, wewe unajua. Nguo za mtoto ziligeuka rangi ya machungwa, sisimizi wakapanga foleni miguuni, na baada ya muda kikaanza kunuka. Alikirudisha usiku usiku asionekane, na mtaa wote ukamwona. Baba alikizunguka, akanusa. "Mumepika kitanda," akasema, "imebakia sombe tu," yale majani ya muhogo yanayopikwa na mawese. Kisha akakaa kukikwangua kwa kipande cha chupa, polepole, mpaka mbao yenyewe ikatokea.

Lakini kilichowaleta akina mama kwake kilikuwa kitu kingine. Katika mtaa wetu, hakuna mama aliyebeba kitanda kabla ya kumwona fundi akikiuma. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Kazi ikishaisha kabisa, nta imekauka, baba aliinama mbele ya mama mwenye kitanda, akauma ubao wa juu kama anayeuma muhindi wa kuchoma, akasubiri kidogo, akameza mate. Chini ya ubao zilibaki alama ndogo za meno yake. Fundi akikataa kuuma, mama anaondoka mikono mitupu, na hakuna anayemlaumu. Kuuma kulikuja mwisho, baada ya yote. Ukiuma mbao kabla ya kuipaka, baba alisema, umeonja nini?

Siku hizi hata bati lile halipo. Pale pana kibanda kinachouza vifuniko vya simu. Vitanda vya watoto vinakuja tayari kutoka mbali, vyeupe, vinang'aa, na huwezi kumwambia mwenye duka aviume. Nilimuuliza fundi mmoja kijana kama angeniumia changu, akacheka kwa adabu. Sikukasirika. Sikuwa na nguvu ya kukasirika.

Jana nilinunua nta kwa muuza asali sokoni Kadutu. Mume wangu aliiona, akalichukua kopo lake akalirudisha dukani, na kwa hilo namshukuru. Nilikipindua kitanda nianze kukipiga msasa. Chini ya ubao wa juu vidole vyangu vikagusa vishimo. Niliinama nikatazama. Yalikuwa meno ya baba, kwenye mbao kavu isiyopakwa kitu, ameuma kinyume cha sheria yake mwenyewe.

Alikuwa amejua, basi. Alipokuwa akituambia ni homa tu, itapita, alikuwa amejua kwamba siku ya mwisho ya kazi hii hatakuwepo, akauma mapema.

Mume wangu aliniuliza kama naumwa, nikasema hapana. Nimeupiga msasa ubao wote isipokuwa pale. Nimeyeyusha nta, nimeipaka, nimesugua. Mbao baba ameshaiuma; nta ikikauka nitaiuma mimi, hakuna mwingine. Bado sijalia. Mtoto akianza kuota meno, atakuta babu yake alishapita pale.