Mugongo wa Jéthro

Kasonia alikuwa mutu wa Masereka, kule juu kwenye viazi na baridi. Miguu yake ilikauka akiwa mutoto, basi bakamuleta ku santre, nyumba ya kutunza balemavu, hapa Mususa, eti akae mwaka moja ajifunze kutembea na mikongojo. Mwaka ule ulizaa ingine kumi na ine. Kila alipofunga nguo zake, vita ikakata barabara.

Mu 2001 bafanyakazi bakaisha. Huyu alikimbilia Uganda, yule akaenda kuchimba zahabu. Nyumba ya santre kule Beni ikafungwa, bagonjwa bake bakaletwa Mususa. Kati yao Jéthro, fundi wa nyumba aliyeanguka ku paa. Toka shingo mupaka chini hakusikia tena kitu. Kasonia, mwenye mikono ya nguvu, akajifunza kumugeuza kila saa mbili, kusudi mugongo usioze kwa kulalia upande moja.

Kisha Pasteri Malachie, mukubwa wa santre, akapanga mambo upya: mwenye jamaa arudi kwabo, babaki bale tu basio na mutu, kama Jéthro. Jeudi, ile Alhamisi, kamio ya mizigo itapanda Masereka, maana barabara ingali wazi. Kasonia alicheka mupaka meno ya nyuma. Dada yake Joyeuse alikuwa amemuandikia: “Macho ya mama inafungika. Anaomba aone sura yako mbele giza haijaingia yote.”

Lakini lista ya benye kwenda ilipobandikwa ku mulango, jina lake haikukuwa.

“Pasteri, mulinisahau?”

“Hapana, mwanangu. Weye hauko tena mugonjwa. Uko mufanyakazi. Ukienda, nani atamugeuza Jéthro? Miye na hii magoti ya uzee?” Akamupa blouze nyeupe, koti ya kazi ya infirmier, muuguzi mumoja aliyekimbia. Ilikuwa inafagia simenti.

Kasonia akawaza: basi, nitakuwa mufanyakazi mubaya, banifukuze. Mardi, siku mbili mbele ya kamio, akamwaga uji. Akamujibu mama wa jikoni ovyo. Pasteri akasema ni uchovu tu. Ikabaki kitu kimoja: kuacha kumugeuza Jéthro. Mercredi, kesho yake, akakaa ku mulango, uso inje. Saa ikafika, ikapita kidogo. Akajikuta anatambaa kurudi ku kitanda.

“Ee, muvivu gani huyu!” Jéthro akacheka. “Hata uvivu unakushinda.”

“Nyamaza, inua kidevu.”

“Ndugu, uniachie miye. Nitakusema vibaya, batakufukuza.”

Jeudi asubui, kamio ikiunguruma ku lango, Jéthro akapaza kilio. Pasteri akaja mbio.

“Baba Pasteri, Kasonia ni munyama! Ananiacha upande moja siku nzima. Mumupakie na bengine, aende!”

Kasonia akainamisha kichwa. Mutumba wake ulikuwa tayari ku mulango.

Pasteri akafunua blanketi, akainua bega ya Jéthro, akaangalia mugongo mupaka matako. Ngozi ilikuwa laini, haina hata alama nyekundu. Na benzake ba Beni balifika na vidonda vya kuingiza ngumi.

“Mugongo huu?” akauliza polepole. “Jéthro, mufanyakazi mubaya namuna hii, nitapata wapi mwingine?” Akatoka kumuambia shofere aende.

Bote bawili bakasikiliza kamio ikipanda mulima, mupaka sauti ikaisha.

“Ndugu, unisamehe,” Jéthro akasema.

Saa ya kumugeuza ilikuwa imefika. Kasonia akamushika bega na kiuno, akamuelekeza uso ku ukuta, kusudi Jéthro asione machozi yake.