Winga Tuliyemrudisha Mtaani

Mtaa wetu uko nyuma ya soko la Darajani, na kwa miaka kadhaa baada ya Mapinduzi haukuwa na timu. Tuliambiwa kwamba klabu za mpira zitalelewa na mahali pa kazi, na ya kwetu ikaangukia shamba moja la serikali upande wa Kidichi. Lori la shamba likaja asubuhi, likapakia sanduku la jezi, na juu yake wakapanda vijana wetu wenyewe, walioahidiwa ajira huko. Tukawapungia mikono. Lilipokata kona ndipo tulipoanza kununa.

Mimi ni fundi cherehani, na sisi mafundi cherehani tuna ugonjwa wetu: mikono ina shughuli, mdomo hauna, basi mdomo unajitafutia kazi. Kila aliyekuja barazani kwangu kupunguza suruali aliondoka na hotuba. Niliwaambia timu ni ya mtaa ulioizaa, na kwamba hata ushindi wake, tukiusikia redioni, ulikuwa kama kusikia harusi ya mwanao kwa majirani. Watu walitikisa vichwa, nami nikazidi kunoga.

Aliyeniuma zaidi alikuwa winga wetu wa kushoto, mtoto wa jirani yangu, mjane aliyepika maandazi. Kabla ya shamba alikuwa hamali sokoni, akibeba magunia tangu alfajiri, na jioni anakwenda uwanjani kuwatesa mabeki. Kule shamba alipewa kazi kwenye vitalu vya miche ya mdalasini, na chumba katika nyumba za wafanyakazi. Akaoa huko huko, akapata mtoto. Kila Jumamosi alikuja kumwona mama yake na kikapu cha mihogo na ndizi, na mama yake akatugawia majirani. Zilikuwa siku za foleni ya mchele na foleni ya unga. Mihogo ile niliila, tena niliifurahia, na mdomo ukiwa bado umejaa nikasema kwamba shamba limetuibia kijana.

Wakati majumba ya Michenzani yanaanza kupanda, tawi letu la chama likapata mwenyekiti mpya. Alikuwa mtu wa mtaani petu, aliyewahi kucheza beki katika timu hiyo hiyo. Tukaona hapa pana mlango. Wazee wa baraza wakanichagua mimi nikaseme kwenye mkutano wa tawi, na sikusubiri kubembelezwa.

Nilisema siku hiyo. Niliwakumbusha udi uliokuwa ukifukizwa kwenye jezi kabla ya mechi, fatiha iliyosomwa barazani, kahawa na kashata baada ya ushindi, na kimya kilichokuwapo sasa kila Ijumaa jioni. Kina mama wengine walifuta machozi. Mwenyekiti alikuwa mtu wa taratibu, alinisikiliza akikuna ndevu, kisha akaniuliza wachezaji wenyewe wanasemaje.

Sikufikiri hata kidogo. "Wale watoto wetu, mwenyekiti," nikamjibu. "Mwanao humuulizi kama anataka kurudi nyumbani."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nilirudi mahali pangu nikiwa mrefu kuliko nilivyoondoka.

Maombi yakapanda juu, na haikuchukua muda yakarudi na kibali. Shamba lilikubali kutuachia klabu na kuunda timu yake mpya, kwa sharti moja: kila aliyeandikishwa katika klabu ataondoka nayo, kwa sababu ajira zile zilitolewa kwa ajili ya klabu. Mwenyekiti alitusomea sharti hilo kwa sauti, polepole. Tulilisikia sote. Hakuna aliyenyanyua mkono, na mimi, mwenye mdomo wangu, nilikuwa nshaanza kuwaza rangi ya jezi mpya.

Siku ya kurudi palikuwa na ngoma na vigelegele, na udi mwingi mpaka watoto wakapiga chafya. Wachezaji wakashuka mmoja mmoja kwenye lori. Winga wetu alishuka na godoro kichwani, nyuma yake mkewe na mtoto mgongoni. Nilimkumbatia na godoro lake. Akasema tu, "Tumerudi, ami," akapita. Mama yake alikuwa akipiga vigelegele pamoja na wenzake, lakini nilimwona macho yake yakipima chumba chake kimoja, kitanda kikae wapi na godoro lilale wapi.

Timu ikaanza kushinda pale uwanja wa Mnazi Mmoja, mtaa ukapata roho. Winga wetu akarudi sokoni kubeba magunia, akakuta mahali pake pamekwisha kujaa wengine. Siku za kujitolea alikwenda Michenzani kubeba matofali, akitumaini kuonekana na kuajiriwa, lakini hakuonekana. Kikapu cha Jumamosi kikaisha. Uwanjani watu walisema winga amerudi mzito, mbio zake si zile. Mimi nikawaambia ni magunia.

Mama yake hakunibadilikia. Kila asubuhi aliniletea maandazi yangu kama kawaida, na akaniuliza hali yangu. Hakuna kilichonitesa kama maandazi yale. Angenitukana ningepona. Usiku nilimsikia mjukuu wake akilia ng'ambo ya ukuta kwa joto na msongamano, nikageuka upande wa pili, na upande wa pili kilio kilisikika vile vile. Niliona haya, na haya ile haikuwa na mtu wa kuwekea lawama isipokuwa mimi.

Mwisho nikafunga cherehani, nikapanda basi mpaka Kidichi. Msimamizi wa shamba alikuwa mgeni, hajamaliza miezi mingi pale. Nikamwomba sana, nikamsifu kijana mpaka nikakauka koo. Akasema mikono ya kutunza miche anaihitaji, na chumba kipo, mradi kijana aichezee timu mpya ya shamba. Nikampa mkono pale pale. Nilijua barazani wataniita msaliti, nami niliporudi kwenye basi nilikuwa tayari kuitwa hivyo. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ile siku lori lilipowarudisha.

Kijana nilimkuta chumbani kwa mama yake, amekaa juu ya godoro, suruali ameikunja, anakanda goti kwa kitambaa cha maji ya moto. Goti lilikuwa limevimba. Sikuliulizia. Nilisimama mlangoni nikamwaga habari yangu yote, kazi, chumba, timu, mkono niliompa mtu. Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ami, mimi mpira siuwezi tena," akasema. "Goti hili lilianza kule kule shamba. Msimamizi wa mwanzo alikuwa kesha nambia nitaacha kucheza, nibaki na miche yangu. Mlipokuja kuichukua timu, mimi nilikuwa bado nimeandikwa mchezaji, nikatolewa pamoja nao."

"Mbona hukusema?"

"Nani aloniuliza?"

Hakusema kwa ukali, na ningependa angesema kwa ukali. Neno lililonijia lilikuwa lile nililopaswa kuanza nalo pale tawini. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Nje vijana wa timu walikuwa wamefika kumpitia kwa mazoezi, wanamwita kwa jina, wanacheka. Akalifunga goti kwa kile kitambaa, akaishusha suruali, akainuka kuwafuata.

"Nipishe, ami," akasema, kwa sababu nilikuwa nimeuziba mlango.