Nililegeza triga ya bunduki ya Baba Mdogo kwa bisibisi yangu, mkono wake ukaondoka

Wakuu, salaam.

Hii ID ninayo muda mrefu na nyuzi zangu nyingi ni za mashine za boti. Leo naandika ya kwangu mwenyewe. Sitaongeza chumvi, maana kidonda chenyewe bado kibichi.

Mimi ni fundi. Nipo Mwigobero, Musoma mjini, natengeneza mashine za boti. Springi, skrubu, kabureta, huo ndio ugali wangu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza. Fundi akishazoea kusifiwa anadhani kila chuma duniani ni binamu yake.

Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyenilea. Yupo kijijini huko Butiama, ana ng'ombe, na ana rifle ya siku nyingi anayoimiliki kihalali, leseni anayo. Kazi yake ni fisi tu. Fisi wa kule hawana adabu, wanaingia mpaka zizini kuchukua ndama.

Sasa mzee vidole vimeanza kukakamaa. Nilipoenda kumsalimia akaniambia, "Mwanangu, hii triga imekuwa ngumu. Zamani nilikuwaga navuta mara moja tu. Siku hizi mpaka nivute, fisi ameshafika Bunda."

Tukacheka. Nikamwambia, "Baba, hiyo ni springi tu. Niachie."

Ndio hapo wakuu. "Niachie."

Utaratibu ulikuwa wazi. Silaha ikisumbua unatoa taarifa polisi, wanakuelekeza kwa fundi wa silaha mwenye kibali. Mimi kisheria sikutakiwa hata kuishika. Lakini nikaona hiyo safari ya nini, na mimi mwenyewe fundi?

Nikatafuta video. Jamaa mmoja mzungu kavaa miwani ya plastiki, anaeleza taratibu. Nikaangalia mara mbili. Mwishoni kabisa anachukua nyundo ya mpira anaigongagonga bunduki tupu kila upande, kitako, ubavu, juu. Nikadhani mbwembwe za YouTube. Nikafunga simu.

Jumamosi nikatoa risasi zote, nikaziweka chumba kingine, hilo nililifanya vizuri. Nikafungua, nikaweka springi laini, nikalegeza skrubu mpaka triga ikawa tamu. Kidole kikigusa tu, tii!

Jumapili baada ya misa tukajaribu kwenye kichuguu nyuma ya boma. Mzee akapiga mbili, zote zikaingia. Alifurahi aisee. Akamwita Mama Mdogo, "Njoo uone mwanao alichofanya!" Jirani akaja naye akasifia. Mimi kifua mbele.

Jumatatu asubuhi nilikuwa najiandaa kurudi Musoma, jirani akaja mbio kwamba fisi kaonekana korongoni. Mzee akaingiza risasi ndani ya chemba, bunduki ikawa tayari kulia, tukaenda wote. Hatukukuta kitu, nyayo tu. Tukarudi, tukasimama njiani tunapiga stori.

Sasa nyie mliokulia kwenye ng'ombe mnajua mchungaji anavyosimama. Fimbo inatua chini, kiganja kinakaa juu ya ncha, mwili unaegemea. Hakuna anayefikiria. Unaanza hivyo ukiwa na miaka sita mpaka unazikwa.

Baba Mdogo bunduki yake alikuwa anaiegemea hivyo hivyo. Kitako chini, kiganja juu ya mdomo wa mtutu. Nimemuona akisimama hivyo tangu niko mdogo, na risasi ndani. Ni kosa, najua. Lakini ule ugumu wa triga ndio ulikuwa unamlinda miaka yote hiyo, na mimi nikauondoa.

Kitako kikatua kwenye jiwe. Sio kwa nguvu. Kidole hakikuwa hata karibu na triga.

Ikalia.

Kiganja cha kulia sitaki kukieleza. Nilikifunga na shati langu, tukapata gari mpaka hospitali Musoma. Madaktari walijitahidi, ila walikata juu ya kifundo.

Ile nyundo ya yule mzungu haikuwa mbwembwe. Alikuwa anapima kama bunduki itajifyatua ikigongwa. Mimi nilipima kwa kidole tu.

Polisi walikuja na maswali yao. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda. Mzee akawaambia, "Nilijisahau. Ni uzee." Hakuniangalia. Bunduki ikachukuliwa, leseni ikafutwa.

Nikanyamaza.

Tulipobaki wawili nikaanza kulia. Akasema, "Nyamaza. Mkono umeshaenda. Na wewe ukienda ndani, hao wajukuu zangu watakulaga nini?"

Kama yangeishia hapo ningeweza kuishi nayo. Hayakuishia.

Mwezi uliopita ukoo ulikaa. Mtoto mkubwa wa Baba Mdogo, Wambura, anakaa Kiabakari. Akasema mzee akili zimeanza kumtoka, mtu anayejipiga risasi mwenyewe hawezi kuachiwa mifugo. Ng'ombe wote wahamie Kiabakari. Wengine wakaunga mkono. Mzee amekaa pale, mkono wa shati umekunjwa, anasemwa kama mtoto aliyemwaga maziwa. Mtu ambaye ukoo mzima ulikuwa unamngojea aseme kwanza.

Wakataka mtu wa kuandika muhtasari. Wakanipa mimi, eti nina mwandiko mzuri.

Nikaandika. "Kutokana na uzembe wa mzee." Kwa mkono wangu huu huu mzima.

Nikamsomea asaini. Akauliza kalamu ishikwe vipi na kushoto.

Wakuu, najichukia. Fisi tulimfuata korongoni wakati fisi mwenyewe ni mimi.

Kwa wenye silaha za halali: msiguse triga nyumbani. Ugumu wake sio ubovu, una kazi yake. Peleka kwa fundi wa silaha anayetambulika, na akikurudishia hakikisha kaipima tupu, hata kwa kuigonga. Na mfundisheni mzee wenu asiegemee mtutu kama fimbo, hata kama kaegemea miaka hamsini.

Nimeshampigia Wambura. Jumamosi ukoo unakaa tena, nimeomba mimi. Nitausoma ule muhtasari, nitalifuta lile neno mbele yao, niandike jina langu. Halafu naenda kituoni. Mke wangu anasema nimechanganyikiwa, nifikirie watoto. Mzee hajui bado.

Mwenye kuzijua sheria za silaha anieleze nijiandae na nini. Mwenye matusi ayalete pia, nitayasoma yote. Ila pole msinipe mimi.