Baiskeli ya Eugène inasubiri treni ya Ijumaa

Saa moja asubuhi, kabla kina mama wa soko la Kikula hawajatandaza magunia yao ya unga, Fidèle Kisimba ameshaing'ata bisibisi. Mpini uko kati ya meno yake, ncha ameigusisha kwenye fremu ya baiskeli inayoning'inia kwa kamba kutoka boriti ya kibanda, na mkono wa kulia unazungusha pedali polepole. Amefumba macho. Mpita njia angedhani mzee wa watu amerukwa na akili.

Akili zake ni timamu. Kilichoharibika ni masikio. Miaka kumi na tisa kando ya mashine ya kusaga mawe, katika kiwanda cha shaba, ilimwachia sikio moja bovu na la pili la kubahatisha. Cheni inayokwaruza haisikii tena, kwa hiyo huitafuta kwa meno.

"Inatetemeka mu taya," anasema, akiipangusa bisibisi kwenye suruali. "Kama gia haiko muzuri, inakukwaruza huku mu jino ya nyuma. Kama iko muzuri, hausikie kitu."

Fidèle, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, ni fundi wa baiskeli, au kinga kama wanavyoziita watu wa Likasi. Wiki hii ya Oktoba 1995 ameziweka kando nyingine zote na kuhangaika na moja tu. Ni baiskeli ya milimani yenye gia ishirini na moja, mali ya rafiki yake Eugène Kazadi. Ijumaa lazima ipakiwe kwenye treni ya kwenda Mwene-Ditu, Kasai, ambako Eugène anaishi sasa. Baada ya treni hiyo, hakuna anayejua nyingine itapita lini.

Wawili hao walianza kazi kiwandani mwezi mmoja, karakana moja. Mishahara ilipokatika, wakakaa miezi kumi na minne wakiambiwa wasubiri, hatimaye wakafungua kibanda hiki. Wakagawana kazi bila hata kujadiliana.

"Minye nilikuwa mikono," anasema Fidèle. "Eugène njo alikuwa masikio."

Gia za nyuma zinataka watu wawili. Mmoja anainua gurudumu na kuzungusha pedali, mwingine anasikiliza huku akikaza au kulegeza skrubu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Fidèle amelijua hilo kwa uchungu.

Mwaka 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani, Eugène aliondoka nao, ingawa alizaliwa hapahapa Likasi na Kasai yenyewe alikuwa hajawahi kuiona. Familia yake ililala kituo cha treni wiki sita. Kila jioni Fidèle aliwapelekea sufuria ya bukari, ndiyo ugali, na mboga, akirudi nyumbani kwa njia za uchochoro kwa sababu majirani walikuwa wameanza kumtazama vibaya. Siku ya safari, behewa lilijaa watu mpaka mlangoni. Baiskeli haikupata nafasi.

"Akaniambia, 'Ubaki nayo, ndugu yangu. Nikirudia, nitaikuta.'"

Maneno hayo mawili, nikirudia na nitaikuta, Fidèle ameyaishi miaka miwili. Mkewe alishafariki, binti yake Carine ameolewa Kambove na huja Pasaka na Noeli. Jioni anapika kikombe kimoja cha unga, anakula nusu, nusu inabaki mpaka asubuhi. Siku njema hutengeneza baiskeli tatu na kupata bei ya kilo mbili za unga. Siku mbaya huvuna salamu tu. Anasema njaa unaweza kuizoea kidogo, lakini kukosa mtu wa kubishana naye kuhusu boliti hakuzoeleki kabisa.

Februari mwaka huu ikaja barua. Eugène sasa anabeba mafuta ya mawese kutoka vijijini hadi mjini, kwa miguu. Alimwomba Fidèle amtafutie derayeri, kile kifaa cha nyuma kinachoihamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine, kwa sababu cha zamani kilinasa kwenye spoki na kuvunjika. Aifunge vizuri, kisha aitume baiskeli.

Fidèle aliisoma barua mara tatu. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba Eugène harudi, lakini yeye alielewa.

"Muntu anapanga kurudia, hawezi kuita kinga yake imufuate," anasema.

Kutafuta derayeri, kwa fundi mwenye jicho, hakukuwa kazi ya mwaka. Machi alishapata mbili. Moja ilitoka kwenye baiskeli ya mashindano, nzuri, inayong'aa, yenye mkono mfupi. Nyingine ilitoka kwenye lundo la chuma chakavu, imechubuka, lakini mkono wake ulikuwa mrefu. Fidèle alihesabu meno kwa chaki ukutani: nyuma gia kubwa thelathini, ndogo kumi na tatu, mbele kubwa arobaini na nane, ndogo ishirini na nane. Tofauti ya nyuma kumi na saba, ya mbele ishirini. Jumla thelathini na saba. Mkono mfupi usingeweza kuivuta cheni yote inayolegea. Ungeiacha ining'inie kama utumbo wa mbuzi. Akachagua ile iliyochubuka, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaifunga kwa kitambaa.

Kisha akaiweka kwenye droo. Akaketi, akamwandikia Eugène kwamba amezunguka Likasi nzima na derayeri hakuna.

Anaposimulia hapa, Fidèle hamtazami mtu usoni.

"Nilimudanganya. Alijibu, 'Tafuta tena.' Nikaandika, 'Haiyapatikana.' Akajibu tena. Hii mwaka nilipata barua ine. Mbele ya pale, tangu aende, sikukuwa napata hata moja."

Njia ya mwongo ni fupi. Mwishoni mwa Septemba ilifika barua ya tano, na mwandiko haukuwa wa Eugène. Aliyeandika ni Germaine, mkewe. Alisema goti la mumewe limevimba kwa kubeba madumu, kwamba sasa anatembea na fimbo, na kwamba hajui barua hii imeandikwa. Hakulaumu. Alisalimia tu, akauliza kama Papa Fidèle mwenyewe ana afya.

Siku hiyo Fidèle hakufungua kibanda. Kesho yake alifungua droo.

Kazi ilimchukua siku nne, maana sikio halipo. Kwanza kile kijichuma cha fremu kinachoishika derayeri kilikuwa kimepinda. Alitoa ekseli ya gurudumu bovu, akaikaza kwenye tundu lake, akaivuta taratibu mpaka ikalingana na ekseli ya baiskeli. Akafunga derayeri. Cheni akaipima kwenye gia kubwa zote mbili, akaongeza pingili mbili za usalama. Waya mpya hakuna, hivyo alichukua wa breki na kukipiga tupa kichwa chake mpaka kikaingia. Zikabaki zile skrubu mbili ndogo zinazoizuia cheni isidondoke nje wala isiingie kwenye spoki. Hapo ndipo bisibisi ilipoingia mdomoni.

"Papa Fidèle, hauyamaliza tu ile kinga?" anatania Mama Danielle, anayeuza unga kibanda cha pili. "Ama unakula chuma sasa, unga yangu iko bei sana?"

"Mama Danielle, niazime gunia moja. Nitakurudishia."

Anazungusha pedali mara ya mwisho, anahamisha gia zote moja baada ya nyingine, anakaza skrubu ya ndani robo mzunguko. Halafu anaishusha, anafunga gunia la kilo hamsini nyuma, na kupanda kilima kinachotoka sokoni. Cheni inakubali gia kubwa bila kuruka. Mzee anapanda akihema, mgongo umeinama, anapotelea juu. Anaporudi anamrudishia Mama Danielle gunia lake.

"Iko muzuri," anasema. "Iko muzuri sana. Itamufaa."

Kondakta wa treni ameshakubali kuisafirisha. Mipango ya Fidèle baada ya Ijumaa ni michache: baiskeli mbili za wateja waliochoka kungoja, paa linalovuja, na barua ya kufunga kwenye kiti cha baiskeli, ambayo ataiandika leo mchana.

"Nitamwambia yote. Kama derayeri nilikuwa nayo tangu mwezi ya tatu. Kama goti yake ni kosa yangu."

Akiulizwa kama haogopi kwamba Eugène atakasirika, anavifuta vidole kimoja kimoja.

"Akasirike," anasema. "Muntu mwenye kukasirika anaandikaka."