Risasi za Mzee Shabani

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata leo mate yananikauka mdomoni. Kaa hapa karibu, usikilize mpaka mwisho. Ni mwaka ule wa Kombe la Dunia, Durban yote inapakwa rangi kusubiri wageni. Mimi nimetoka Bukavu, wiki nzima nasuka nywele saluni kule Greyville, na Jumamosi napiga deki kanisa kuu la mjini. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, lakini kwa akili bado binti.

Kanisa lile lina madirisha marefu ya vioo vya rangi, watakatifu wamesimama humo. Miaka miwili nilipiga deki chini yao nikidhani ni karatasi za kubandika, kama zile za saluni kwetu. Naapa! Mpaka alipoletwa fundi wa kuyatengeneza, Mzee Shabani, Mtanzania wa Tanga, Muislamu mwenye kofia yake nyeupe. Aliposhusha dirisha la kwanza nilishika kichwa. Kumbe kila rangi ni kipande chake cha kioo, kimekatwa peke yake, na zile nyuso zilichorwa kwa brashi zikachomwa kwenye tanuri kabla bibi yangu hajazaliwa. Padri akanieleza kwamba kazi hiyo mjini hapa wanarithishana, na mzee alifundishwa na bibi mmoja wa Kizungu aliyefundishwa na baba yake. Nikabaki mdomo wazi. Mji niliouona wa bandari na teksi tu!

Sasa sikiliza ujinga wangu. Wiki tatu nilimsalimia mzee huyo kwa Kiingereza. Watanzania wa sokoni walikuwa wananicheka kila nikifungua mdomo: "Dada, hicho Kiswahili umekiokota wapi?" Nikaapa hawatanicheka tena. Basi namletea mzee maji ya kunywa, namwambia "Morning, Baba," nageuka naondoka. Akadhani mimi Mzulu, au wa wapi sijui.

Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, yeye yuko juu ya jukwaa lake la mbao, simu kaibana begani. Nikamsikia akisema, "Risasi? Ninazo, sanduku zima liko hapahapa kanisani. Leo namaliza Maria. Kesho kutwa naanza mitume, mmoja mmoja."

Mwanangu, jina langu la ubatizo ni Maria. Nilikotoka risasi ina maana moja tu, na maana hiyo ilimuua kaka yangu mlangoni petu. Na nitakuambia ukweli wote, maana nusu ukweli haikusaidii: ile kofia yake ndiyo iliyonimaliza akili. Muislamu, risasi, kanisa. Sikuuliza. Nilitupa ndoo, nikatoka mbio hadi getini walikokuwa mama zetu wanauza mitumba, napiga kelele kwa lugha ya kwetu, ambako risasi twaziita masasi, "Iko mutu na masasi mu kanisa! Anataka kutumaliza!"

Yesu wangu, zile kelele! Mlinzi akapiga simu, na kufumba na kufumbua polisi wawili hao, wanaingia ndani.

Niliwafuata nyuma nikichungulia. Mzee alikuwa ameshuka jukwaani, ameshika kitu kifuani kwa mikono miwili. "Mikono juu!" Hakuinua. Wakarudia, bastola zimemlenga, na sauti zinagongana humo ndani usisikie neno. Yeye anatikisa kichwa tu, midomo inacheza. Nikasogea. Ndipo nikasikia anachosema, kwa Kiswahili, kama anajisemea mwenyewe: "Kitavunjika. Nikiachia kitavunjika."

Nikatazama mikononi mwake. Ulikuwa uso wa Bikira Maria, kioo kitupu, hakijafungwa popote.

Mama yangu! Mtu anakaribia kupigwa risasi kwa ajili ya uso wa kioo wa dini isiyo yake, na aliyemfikisha hapo ni mimi. Sijui miguu ilinibebaje. Nilipita mbele ya zile bastola nikilia kwa Kiingereza wasipige, nikanyoosha mikono. "Baba, leta. Mi nashika."

Macho yakamtoka. "Kumbe unajua Kiswahili?" Akanipa kile kioo, kisha akainua mikono.

Wakafungua sanduku. Ndani mlikuwa na fito ndefu za kijivu, laini, unazikunja kwa vidole. Ndizo zinazoshikanisha kipande na kipande. Mzee akawaeleza polisi kwa Kiingereza, halafu akanigeukia. "Risasi, mama. Ni madini haya. Kwenu mnayaitaje?" Mimi nilijua ile ya bunduki tu.

Polisi walipoondoka alikaa kwenye benchi, mikono inamtetemeka mpaka akaikalia. Nikapiga magoti. Nilitamani anitukane, walahi, anipige hata kofi. Akasema polepole, "Wiki tatu unaniletea maji. Ungeniuliza tu, 'Mzee, risasi za nini?' Ningecheka, nawe ungecheka, kazi ikaendelea."

"Niliogopa utacheka Kiswahili yangu," nikamwambia.

Akasema, "Basi ukaona bora nife."

Hakulisema kwa hasira, ndiyo maana linaniuma mpaka leo.

Mikono ile haikutulia tena. Alijaribu wiki mbili, akavunja vipande viwili vya mtume wa kwanza, akafunga sanduku lake akaenda kukaa kwa mwanawe, mtaa wa Bluff. Mitume walimaliziwa na fundi mwingine. Nami nilizunguka Greyville mpaka Cato Manor, mlango kwa mlango, kusema kwamba nilikosea. Wengine walinielewa. Wengine hata sasa wanamwita "ule muzee wa masasi", na nikiwakataza wananijibu, "Lakini si ni wewe ulitwambia?" Eish, mwanangu. Nitajibu nini?

Kwa hiyo nakuambia. Ukisikia neno la kutisha mdomoni mwa mtu, mwendee yeye mwenyewe umuulize. Muulize kwa Kiswahili chako hichohicho, chenye Kifaransa na Kizulu ndani yake, na akikucheka mwache acheke. Kuchekwa kunapita kabla hujala chakula cha mchana. Na usitazame mavazi ya mtu ukammalizia maneno yake, hata uwe umeumizwa vipi huko ulikotoka. Mimi niliumizwa kweli, lakini Mzee Shabani siye aliyeniumiza.

Mungu akupe masikio yenye subira. Akuepushe na kumtetemesha mtu asiye na kosa. Na siku watu watakapokuja mbio kwa sababu yako, akuletee mmoja wa kukuuliza kwanza. Amina.