Wasindikizaji Wanne kwenye Benchi

Wiki hii nilikaa kwenye kituo kimoja cha afya hapa mjini Baraka, siku ya kupima kanseri ya shingo ya kizazi. Kwenye benchi walikuwepo bamama wanne, marafiki wanaouza ndagala, dagaa wa ziwani, pamoja sokoni. Muuguzi akatoka na daftari.

“Bamama, nani anakuja kupimwa?”

Wa kwanza akamwonyesha jirani yake kwa midomo. “Mi namusindikiza huyu.”

“Mi?” jirani akaruka. “Mi njo nakusindikiza we!”

Wale wengine wawili nao wakaapa kwamba wamesindikiza tu.

Muuguzi hakucheka. “Hakuna mugonjwa? Vizuri sana. Kipimo hii ni ya bantu bazima. Ukingoya mupaka damu ianze kutoka, pengine tumechelewa.”

Kwetu mgonjwa tunambeba kwa machela kutoka Bibokoboko, juu milimani, mpaka huku chini, ndugu wakifuata na sufuria za kumpikia. Kwenda kupimwa ukiwa mzima, kwa miguu yako, ndiko kunakotutia haya.

Mwishowe mkubwa wao akasimama.

“Tulikuwa batano,” akasema taratibu. “Mwenzetu alingoya.” Akampa jirani mfuko wake. “Shika. Nikitoka, mi nashika yako.”

Wakashikiana mifuko hivyo hadi wote wanne wakapimwa. Kisha wakanigeukia.

“Na we mama, unasindikiza nani?”

“Mi naandikia gazeti tu,” nikajibu.

Mikono minne ikanyooshwa kupokea kalamu na daftari langu.