Mzee Usikanyage

Mtaani walimwita Mzee Usikanyage, na jina hilo hakuonewa kupewa. Alilichuma mwenyewe kwa jasho lake. Tangu alipostaafu kazi ya kukagua tiketi kwenye treni, neno hilo ndilo lililomtoka kinywani kabla ya salamu. Ukifungua geti lake, hodi hujaimaliza, macho yake yameshatua kwenye viatu vyako. Mwenye visigino virefu alihojiwa kama abiria aliyepanda bure.

Tusimdhulumu lakini: bustani ilikuwa bustani. Nyasi zimekatwa zikalingana, mawaridi yamepangwa kwa rangi zake, bogonvilia limepanda ukutani kwa kufuata njia aliyoichora yeye. Michongoma ya ukingoni aliikata kwa kamba na pimamaji ya mwashi, na jani lililothubutu kuchomoza alilifyeka papo hapo, tena kwa kulisema. Wapita njia walisimama kupiga picha. Yeye alijifanya hawaoni, huku amevimba mpaka vifungo vya shati vinaomba msaada.

Wenye nyumba ndio hawakuifaidi. Mkewe alianika nguo kwenye ujia wa jikoni, kwa sababu kivuli cha shuka kinazinyima nyasi jua. Kiti hakikutoka nje, maana miguu yake inatoboa. Kutoka getini hadi mlangoni familia ilipita juu ya mawe bapa, mmoja nyuma ya mwenzake, na watoto walikua wakijua kwamba nyasi ni kitu cha kutazama dirishani. Wakitaka kucheza walikwenda kwa jirani, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye uwanja wake haukuwa hata na jani la dawa.

"Baba watoto," mkewe alimuuliza mara nyingi, "hii bustani tunamtunzia nani?"

"Watu wanaojua kitu kizuri."

"Na sisi humu ndani ni akina nani?"

Hapo mzee alikumbuka kwamba mawaridi hayajanyweshwa, akaenda kuvuta mpira wa maji.

Basi kitindamimba wake, binti aliyeuza dawa kwenye duka la dawa, akapata mchumba. Alimfuata baba yake jioni moja, akamkuta amechutama anaokota majani makavu.

"Baba, mambo ya ukumbi sitaki. Nataka harusi yangu iwe hapa hapa nyumbani, kwenye maua yako."

Mzee alifurahi mno. Machozi yalimlengalenga, na si ya uongo. Kati ya watoto wote, mmoja amejua thamani ya kazi yake! Aliinuka, akampapasa binti kichwani, akasema watazungumza. Usiku huo hakupata usingizi. Kila akifumba macho aliona watu wamevaa viatu.

Kikao cha familia kikaitishwa sebuleni, na mwenyekiti akawa shemeji yake, kaka wa mkewe, mzee mwenye upara unaong'aa na ulimi usiolala. Baba wa binti akaomba kusema la kwanza.

"Hema hapana," alianza. "Nyasi zikikosa jua zinageuka njano."

"Haya, hema hakuna," shemeji akakubali. "Tutaanza asubuhi mapema, jua halijawa kali."

"Viti navyo vinatoboa. Visigino, usiseme. Halafu watu wasije wakasimama mahali pamoja muda mrefu."

"Sasa shemeji, wageni tuwaning'inize kwenye miti?"

"Miti yenyewe ndiyo kwanza nimeipunguza matawi."

Sebule nzima ikaangua kicheko. Binti alicheka pia, kisha akagundua kwamba anayecheka ni kila mtu isipokuwa baba yake.

"Baba, unatania, si ndiyo?"

"Nyie maharusi mtapita," mzee akamtuliza. "Wawili tu, juu ya mawe. Mpiga picha abaki getini."

Binti akachukua mkoba wake, akatoka. Kesho yake alikwenda kwa fundi wa vyuma, na fundi akasema, "Mwanangu, mahali penyewe ndiyo hapa unapopaona. Ukipataka ni pako." Alihamisha mageti mabovu na mabomba yenye kutu, akafagia, kisha akafunga sumaku kwenye kamba na kuiburuta uwanja mzima ili mgeni asije akachomwa na msumari. Mzee alisikia shughuli yote hiyo ng'ambo ya ukuta. "Harusi ya binti yangu kwenye vyuma chakavu!" alilalamika, utadhani kuna mtu mwingine aliyemsukumia huko.

Siku chache kabla ya harusi binti alikuja tena. Safari hii hakutazama maua.

"Baba, bustani sikuombi. Nakuomba wewe. Uje, unishike mkono, unipeleke mbele za watu. Basi."

"Mwanangu, hilo nalo ni la kuombwa? Nitakosaje?"

Na alimaanisha, masikini ya Mungu. Siku ilipofika aliwahi kuliko bwana harusi. Suti imepigwa pasi, viatu vinang'aa, tai imemkaba vizuri. Alitoka na mkewe mpaka getini, na getini ndipo alipokwama. Wageni walikuwa wameona uwanja wa fundi mtupu na maua ya jirani yamechanua, wakafanya kama ambavyo mtu yeyote mwenye simu angefanya. Shangazi mmoja alikuwa amelivuta bogonvilia mpaka shavuni. Gari la mtu lilikuwa limeibusu michongoma.

"Tangulia," alimwambia mkewe. "Nakuja dakika hii."

Akasimama getini na suti yake, mikono ameitandaza kama anayezuia mbuzi. Wakamtuma mtu kumwita. "Nakuja," akasema. Muda ukaenda, akaja mkewe mwenyewe.

"Mwenzangu, mtoto amesimama anakungoja!"

"Humwoni huyu alivyoegemea michongoma yangu? Nikigeuka tu..."

"Si iegemewe!"

"Nimesema nakuja."

Na kweli alianza kwenda. Alipiga hatua kadhaa, akaiweka tai sawa, akasikia nyuma yake tawi linavunjika. Akarudi. Alipomaliza kumfundisha adabu aliyelivunja, muziki ulikuwa umeshaanza na watu wanapiga makofi. Juu ya ukuta aliona ncha ya shela jeupe likipita taratibu, na kando yake upara. Upara ule aliujua. Moyo ulimpasuka. Alijua alichokipoteza, na alijua kwamba hakuna mbolea ya kukirudisha.

Alifika, akapata kiti cha nyuma kabisa, akapiga makofi kuliko wote. Binti alipozunguka kusalimia wageni alimpa mikono miwili, akasema kwa adabu, "Karibu, baba. Asante kwa kuja." Maneno hayo hayo alikuwa ametoka kumwambia mmiliki wa duka la dawa.

Mama ndiye aliyetundika picha ya harusi sebuleni. Bwana harusi anatabasamu, shemeji amemshika bibi harusi mkono kwa mbwembwe zote, na nyuma yao, juu ya ukuta, bogonvilia limewaka na michongoma imenyooka sawasawa. Bustani haijawahi kupigwa picha nzuri kama ile.

Siku moja akaja mgeni, afisa fulani aliyetafuta mtu wa kumtengenezea mkubwa wake bustani. Alivua viatu getini bila kuambiwa, kwa hiyo mzee akampenda papo hapo na kumkaribisha sebuleni. Mgeni akasimama mbele ya picha.

"Haya maua nyuma ni ya kwako?"

"Ya kwangu," mzee akasema, kifua mbele.

"Na huyu aliyemshika bibi harusi mkono, ndiye baba yake?"

Mama alikuwa ameingia na sinia la chai. Akasimama hapo hapo. Mzee aliitazama picha. Kukataa kungehitaji aeleze baba mwenyewe alikuwa wapi.

"Ndiye," akasema.

"Anavyoonekana alifurahi sana."

Mama akaweka sinia mezani, akammiminia mgeni chai, akarudi jikoni. Kikombe cha pili, cha mumewe, alikiacha kitupu.